Siku Syokau Aliposimamisha Basi la Shule

Baada ya miaka ishirini na tisa kazini, Bi. Syokau Kimanzi, mkuu wa kitengo cha kuzuia kutu, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Sisi wa karakana ya Kinoo tunaomba radhi mapema: hotuba zitakuwa ndefu.

Alianza kwa kusugua vyuma kwa brashi ya waya. Alipopandishwa cheo na kupewa ofisi, aliijaza mikebe ya rangi, akabaki chini nasi. Hakuna aliyewahi kumshinda kwa kucheka.

Wateja wetu wa Hurlingham walipenda vyuma vinavyong'aa. Yeye na meneja wetu, Bw. Akash, wakaamua shafti za ekseli, vyuma vinavyozungusha magurudumu, zipakwe zinki. Zinki huzuia kutu vizuri, lakini chuma kigumu kikishasafishwa kwa asidi na kupakwa lazima kiokwe, la sivyo huweza kupasuka baadaye ghafla. Siku moja stima ilipotea shafti zikiwa ndani ya oveni. Fundi wa zamu iliyofuata, bila kujua kuwa hazikumaliza kuokwa, akazifunga kwenye basi la shule.

Asubuhi Syokau aliposikia, alimpigia simu Musembi, dereva wa basi, aliyekuwa Kangemi akipakia watoto.

"Zima gari, Musembi. Shusha watoto."

"Mama, tumeshachelewa!"

"Chelewa tu. Nakuja."

Alifika na Bw. Akash na mafundi, wakazitoa shafti pale pale kando ya barabara. Moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Syokau aliketi chini, akacheka huku machozi yakimtoka. Watoto, wasiojua hatari waliyoepuka, wakampigia makofi.

Wiki hiyo hiyo yeye na Bw. Akash walibadilisha uamuzi. Shafti zetu sasa hupakwa fosfeti, utando wa kijivu usiohitaji asidi kali, na mafuta, na mahali palipo wazi rangi nyeusi. Zinki tumeiachia vifuniko na vishikizo. Wateja walinung'unika, kisha wakazoea. Tangu hapo hakuna shafti yetu iliyopasuka, na Bw. Akash anasema amerudiwa na usingizi.

Bi. Syokau, asante kwa kuwa mkali palipohitaji ukali na mcheshi kwingine kote. Nenda nyumbani Matuu ukapumzike mpaka uchoke kupumzika. Afya njema, amani tele, na siku zako ziwe zako mwenyewe.