Dkt. Angeline Apondi Okumu, Aliyemwekea Wangari Nafasi

Dkt. Angeline Apondi alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Ugenya, binti wa tatu wa marehemu Mzee Ogola na Mama Apondi. Alisoma shule ya kijijini, kisha biokemia Nairobi, na mwaka 1994 alirudi kutoka Uholanzi na shahada ya uzamifu na koti ambalo Eldoret, kwa baridi yake yote, haikuwahi kulihitaji.

Mwaka 1985 alifunga ndoa na Mwalimu Okumu. Walinunua shamba hapa Ziwa, nje ya Eldoret, wakapanda mahindi, na kwa miaka mingi majirani waliwaita wageni kwa upole.

Kazi yake ilikuwa kufundisha wanafunzi na watafiti wa chuo kikuu Eldoret metabolomiki, yaani mbinu za kupima mamia ya kemikali ndogo ambazo mwili hutengeneza unapokula, unapougua au unapoogopa. Jamaa wengi tulidhani anapima sukari. Alichoka kutukosoa.

Kila darasa lilianza kwa wote kutoa damu kidogo, ikachanganywa katika chupa moja. Mchanganyiko huo ulipimwa tena na tena katikati ya sampuli nyingine, kuhakikisha mashine haijaanza kudanganya. Desemba 2007, kura zilipohesabiwa, nchi haikuwa na chombo kama hicho.

Januari 2008, Wangari, mwanafunzi wake hodari, alikimbilia Nakuru baada ya baba yake kuuawa kwa mishale katika ghasia za uchaguzi na nyumba yao kuchomwa Burnt Forest, kwenye barabara ya Nakuru kuja Eldoret. Masomo yalipoanza tena, mwanafunzi mwenzake, Kibet, alishauri damu ya Wangari iondolewe kwenye mchanganyiko, maana mwenyewe ameshaondoka.

“Itoe,” Angeline alimjibu. “Ukishaipata iliyo yake, niite nione.”

Profesa Kibet atatusomea rambirambi za idara baadaye.

Idara iliandika kwamba Wangari aliacha masomo kwa hiari. Angeline aliuliza kikaoni, “Hiari ya nani? Ya wenye mishale?” Kwa swali hilo, hakupandishwa cheo hadi alipostaafu. Hata hivyo alipigana mpaka nafasi ya Wangari ikarudishwa, na kila Agosti alikwenda Nakuru kumwomba aje aikalie.

“Daktari, niite Kampala nitakuja. Hiyo barabara ya Burnt Forest siipiti.”

“Basi na mimi nafasi yako siitoi. Tutaona nani atachoka.”

Mwaka jana aliugua saratani ya kongosho. Damu yake ya kwanza ilisahaulika mezani hospitalini hadi ikaharibika, kosa ambalo darasani kwake lingekufanya urudie mwaka. Alifariki tarehe 2 Juni 2019. Wazee walitaka azikwe Ugenya, lakini alikuwa amemwambia mumewe, “Nizikeni Ziwa. Kuna mtu nataka apite Burnt Forest.” Tulidhani ni dawa za maumivu zinazungumza.

Ameacha mume, Mwalimu Okumu, watoto, Amondi na Obiero, wajukuu watatu, na wanafunzi ambao leo wanaongoza maabara alizonyimwa.

Jumatano Wangari alipiga simu kuuliza kama kuna njia nyingine ya kufika Ziwa. Tulimwambia ipo, ila ni ndefu.

“Haya,” akasema. “Nitapita hapo hapo.”

Kiti chake kiko mbele, pamoja na familia.

Apumzike kwa amani Angeline, ambaye ilibidi afe ndipo akubaliwe ombi moja.