Nusu Saa ya Ukimya ya Bruno Kalenga

Mbele ya nyumba ya Apolline, muuza kahawa, kwenye njia iendayo soko la Kasongo, kuna benchi la mbao nzito, na juu yake wapo watu wenye majina mawili mawili: la nyumbani na la benchi. Inafaa kuyataja yote, asije akasingiziwa mtu mwingine. Ismaël Ramazani, muuza chumvi, huitwa Kinshasa, kwa kuwa aliwahi kukaa Kinshasa majuma sita. Antoine Mulamba, aliyekuwa karani wa mahakama, huitwa Sheria. Na Bruno Kalenga, fundi cherehani, aliitwa Bruno tu mpaka mwezi uliopita, alipobandika ratiba ya alfajiri ukutani kwake. Tangu siku hiyo akawa Programu. Alhamisi hiyo alifika na kalamu na daftari lake, ambalo wote waliliita kaye, akitafuta maneno ya kumpelekea mke wake. Dieudonnée alikuwa ameondoka Jumatatu asubuhi. Jirani yao, Sifa, alimwona amepanda pikipiki, mfuko mapajani, njia ya Kabambare kwa baba yake. Simu yake haikupatikana. Asani, dereva wa pikipiki, angepita saa mbili kuelekea huko, na ujumbe ulipaswa kuwa tayari. Bruno alimtaka mke wake arudi. Jambo lililomshinda ni kujua kwa nini alikwenda.

— Andika «nisamehe», akasema Apolline, akimimina kahawa ya tangawizi. Ni neno fupi.

— Nisamehe ya nini, Mama Apolline? Sikumupiga. Sikunywa pombe. Mwezi muzima naamuka saa kumi na moja ya alfajiri, naoga maji ya baridi, nakaa kimya, naandika mu kaye namna gani nataka kuishi. Mutu akitengeneza maisha yake, bibi yake anakimbia juu ya nini?

— Usiandike nisamehe! akasema Sheria. Ukiandika vile, umekubali kosa. Wahenga walisema: maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

— Nayaoga kila siku, Sheria.

— Basi hapo huna kosa.

Kinshasa alikuwa anangoja zamu yake. Akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka ushahidi mezani.

— Kosa iko mu saa. Ile bwana wa video, mwenye kravati shingoni, mwenye kukufundisha kuamuka, anaishi wapi?

— Kinshasa.

— Unaona! Hapa kwetu ikiwa saa kumi na moja, kule iko saa kumi. Wewe unasimama, mwalimu wako angali anakoroma. Nani anakuongoza saa ile?

Bruno akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Hilo hakuwa amelifikiria.

— Kwa hiyo niamuke saa kumi na mbili?

— Saa kumi na mbili watu wote wanaamuka, akasema Apolline. Ile haiitwi programu, inaitwa asubuhi.

— Bibi yako anaishi saa ya Kasongo, akaendelea Kinshasa. Wewe unaishi saa ya mbele. Munalala kitanda kimoja, lakini hamukutani. Akachoka kungoja.

— Kama mimi niko mbele, si mimi ndiye ningemungoja?

Kinshasa akachukua tena kikombe chake. Sheria akaona nafasi.

— Mambo ya saa ni madogo. Nieleze: jogoo wako aliwika lini mara ya mwisho?

— Sijui. Siku hizi simusikii.

— Umemutangulia, Programu! Jogoo akitanguliwa mwezi muzima anaona haya, anaacha kuwika. Na muke akikosa jogoo anajua nyumba haina kichwa. Ndiyo maana walisema, dua la kuku halimpati mwewe.

— Mwewe ni nani hapo?

— Usikatize sheria.

Bruno aliandika «jogoo», akalikata. Alikuwa amekuja na swali moja, sasa alikuwa na matatu.

— Mimi nitasema ile wanawake wanasema ku kisima, akaanza Apolline. Wanasema umenunua dawa ya dhahabu ku Salamabila. Mutu anaoga gizani, hasemi na mutu, anaficha mambo mu kaye. Ni masharti gani yale, kama si ya shimo ya dhahabu?

— Wanasema vile?

— Na mimi nilisema pia. Jumamosi nilipita kwako, nikapiga hodi, nikakusalimia mara tatu. Umekaa tu pale, macho umefunga, kama sanamu ya misheni.

— Ilikuwa nusu saa ya ukimya, Mama.

— Kwetu mutu akikosa kujibu salamu ya asubuhi, iko mugonjwa ao iko na chuki. Nilitaka kukuombea, nikashindwa kujua ni ipi.

Benchi zima likacheka, isipokuwa Bruno. Sheria akamnyang'anya daftari, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti ya mahakamani:

— «Jumatatu. Nimefaulu ukimya nusu saa kamili, bila kusikia kitu. Leo nitakuwa karibu na watu wangu.» Mimi sioni kosa hapa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hapo pikipiki ikasimama. Asani alikuwa mtu wa Salamabila, mwenye umri wa miaka arobaini hivi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Hakuzima mashine.

— Jambo, wazee. Jambo, mama. Barua iko wapi?

— Iko karibu kuisha, ndugu yangu, akasema Bruno.

Ilikuwa haijaanza. Apolline akampa Asani kikombe, naye akaelezwa mambo yote na watu watatu kwa pamoja: saa ya Kinshasa, jogoo mwenye haya, dhahabu. Asani akasikiliza huku akipuliza kahawa. Kisha akazima mashine.

— Nimesikia. Lakini mimi nabeba maneno njia hii miaka mingi. Nikifikisha neno, mutu wa kule anauliza: hii ni jibu ya nini? Sasa, ile asubuhi ya kuondoka, bibi alikuambia nini?

Kinshasa akamtazama Bruno. Sheria akamtazama Bruno.

— Alisimama mu mulango, akasema Bruno.

— Akasema nini?

Bruno aliiona asubuhi ile yote: kitenge cha bluu, mfuko sakafuni, kivuli cha mke wake juu ya magoti yake. Alikuwa amefungua jicho moja. Midomo ya Dieudonnée ilikuwa inatembea, kwa muda mrefu kuliko midomo ya mtu anayeaga tu. Kisha ikatulia, naye akangoja. Bruno akainua kidole kimoja kumwomba asubiri. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili za ukimya.

— Nilikuwa na pamba mu masikio, akasema.

Sheria akaanza, «Wahenga walisema…», akaishia hapo.

— Labda baba yake anaumwa, akasema Apolline kwa sauti ndogo.

— Labda kuko matanga, akasema Kinshasa.

— Labda aliomba umusindikize, akasema Sheria.

Kila neno lingeweza kuwa kweli, na hilo ndilo lililomwogopesha Bruno kuliko jogoo na dhahabu yote ya Salamabila.

Asani akarudisha kikombe, akawasha mashine.

— Basi, barua?

Bruno akamwachia Apolline daftari na kalamu, akapanda nyuma ya Asani, miguu ikitafuta pa kukanyaga.

— Programu, na nguo za watu? akauliza Kinshasa. Njia ni mbaya, hutarudi leo.

Bruno aliinama kwenye bega la dereva.

— Tukifika, wewe utangulie kusema.

— Niseme nini?

— Umuulize alisema nini.

— Na wewe utakuwa wapi?

— Nyuma yako, hapa hapa, akasema Bruno, na pikipiki ikaondoka.