Dawa Niliyoisifu Redioni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mkurugenzi wa Hospitali. Profesa wangu, mkuu wa idara ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Madaktari na wauguzi wenzangu. Na ninyi ambao itifaki imewaweka mwisho ilhali shughuli hii ni yenu, ndugu mlionusurika na kiharusi, pamoja na wake zenu, waume zenu na watoto wenu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa maneno matamu mno. Amesema mimi ni daktari kijana wa kupigiwa mfano, ninayekaribia kuhitimu ubingwa, mtafiti aliyewaletea mwanga watu waliopoteza usemi. Mkapiga makofi. Nami nimeyapokea makofi hayo huku nikitazama viatu vyangu, kwa sababu nimepewa nafasi hii nieleze matokeo ya utafiti wetu, na matokeo yenyewe, waheshimiwa, ni kwamba dawa haikusaidia.

Ninyi mliokuwa mkiimeza mmekwisha kuambiwa, ama kwa simu, ama nilipokuja kuketi nanyi nyumbani. Wageni wetu wanasikia sasa hivi. Pengine mnajiuliza, kama wenyewe wameshajua, ya nini kuja kuaibika mbele ya watu wote hawa? Jibu langu ni fupi. Niliisifu dawa hii hadharani kabla sijajua lolote, na jambo nililolitangaza hadharani sina haki ya kulifuta chumbani.

Naomba mniruhusu nianze na shangazi yangu. Ameketi pale safu ya pili, mwenye kitambaa cha kijani, na amenikubalia nimseme. Mama yangu alipofariki, shangazi ndiye aliyenichukua na kunilea. Wakati huo alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi. Alikaa kwenye chumba kidogo cha vioo, akitaja basi lipi linaondoka na lipi limechelewa, na sauti yake ilikuwa ya kumtoa mtu usingizini hata kama safari si yake. Madereva walimwita Kipaza. Nyumbani hakuwa na sauti ya pili. Akikuita ukaoge, mtaa mzima ulijua kwamba hujaoga.

Siku moja mchana, kipaza sauti kikiwa wazi, maneno yake yakaanza kuvurugika. Alitaka kulitaja basi la kwenda kaskazini, akaliita sufuria. Akarudia, akalipa jina jingine lisilokuwepo katika lugha yoyote. Abiria wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Leo mama kalewa kweli kweli!" Wakaendelea kucheka mpaka walipomwona kupitia kioo, anateleza taratibu kutoka kitini.

Nilikuwa daktari wa mwaka wa kwanza wa mazoezi katika hospitali aliyokimbizwa. Nilikimbilia chumba cha dharura nikiwa bado na glavu mkononi. Na mimi niliyesomeshwa, mnadhani nilifanya nini? Nilimpigia kelele. "Shangazi! Inua mkono! Shangazi, unanisikia?" Nikamgeukia daktari wa zamu nikasema, "Haelewi kitu huyu." Shangazi akainua mkono wake mzima, ule ambao haukupooza, akaniziba mdomo. Alikuwa anaelewa kila kitu. Kilichoondoka ni njia ya kutokea maneno. Katika maneno yote aliyowahi kuyatangaza, lilimbakia moja tu: kesho. Akitaka maji, kesho. Akitaka kwenda msalani, kesho. Akikasirika, "Kesho! Kesho! Kesho!" hadi watoto wadogo wakajificha nyuma ya mlango. Tulikuwa tunacheka, naye alikuwa akicheka nasi, kisha anageukia ukutani.

Hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka kwenye magonjwa ya ubongo. Sikuitwa na elimu, niliitwa na hasira.

Profesa alinipokea katika idara yake. Sisi wanafunzi wake tunamwita Mama Rudia, naye anajua, kwa hiyo sijamvunjia heshima. Unamweleza habari za mgonjwa jinsi ulivyozipanga, anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Rudia." Unarudia, na katikati ya kurudia unasikia kwa masikio yako mwenyewe kwamba pale uliposema "nadhani" ulikuwa hujui. Alinifunza kugonga goti kwa nyundo, kumulika jicho, kumtazama mgonjwa anavyoingia mlangoni kabla hajaketi. Lakini zaidi ya yote alijaribu kunifunza kutenganisha ninachokiona na ninachokitaka. Somo hilo, Profesa, nililifeli mbele ya macho yako.

Nilisoma kwamba kulikuwa na dawa ya zamani, iliyotumika kwa ugonjwa mwingine, na kwamba watafiti wachache walihisi huenda ikaamsha usemi baada ya kiharusi. Nikamwendea ofisini nikiwa nimewaka. Akaniuliza swali moja: "Unataka kujua jibu, au unataka jibu fulani?" Nikasema, "Nataka kujua, Profesa." Akasema, "Haya. Tutaona."

Tukaanza. Mlielezwa, mkakubali, kwamba nusu yenu mtapata dawa yenyewe na nusu mtapata kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani, na kwamba sisi na ninyi hatutajua nani kapata kipi mpaka mwisho. Shangazi naye aliomba kuingia, kwa maana ya kunishika koti na kukataa kuliachia. Profesa akakubali kwa sharti kwamba nisimpime mimi. Alipimwa na daktari mwingine, mlango ukiwa umefungwa. Na kila juma, wote bila ubaguzi, mlikuja ndani ya ukumbi huu huu, mkakaa kwa mduara na mtaalamu wetu wa tiba ya usemi, mkitaja picha: kijiko, ufunguo, mbuzi, mwavuli. Mtu akipata neno lililomkimbia tangu augue, mduara mzima ulishangilia kama timu imefunga bao.

Mimi nikaanza kuona ninachokitaka. Shangazi akasema "maji." Baadaye akasema "funga mlango." Halafu mke wa mwalimu mstaafu, aliye mbele yangu hapa, akanisimamisha kwenye korido machozi yakimlengalenga: "Daktari, jana mwalimu kaniita jina langu." Nilirukaruka kwenye korido ile. Niliwaambia wauguzi, niliwaambia wapishi wa hospitali, nilimwambia hata mtu aliyekuja kupaka rangi: dawa inafanya kazi!

Kisha wakaniita redioni. Mtangazaji akaniuliza, "Kwa hiyo, daktari, walioshindwa kusema watasema?" Ningeweza kujibu kwamba utafiti haujaisha. Neno hilo lilikuwepo mdomoni, halikuhitaji tiba yoyote kutoka. Badala yake nikasema, "Kwa tuliyoyaona, ndiyo."

Profesa aliniita siku hiyo hiyo. "Umeona nini? Umefungua siri ya vidonge?"

"Hapana, Profesa."

"Basi hujaona kitu. Umetamani."

Nilidhani ananionea wivu. Naam, nilidhani hivyo, na leo nalisema nikiwa namtazama. Na wakati mimi nafurahia sauti yangu ya redioni, watu walianza kufika kwenye lango la hospitali wakiulizia dawa ya kusema. Kijana mmoja alikuja amembeba mama yake mgongoni. Nikamweleza kwamba dawa bado haitolewi. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Si wewe uliyesema?" Nikamwandalia mama yake miadi ya tiba ya usemi, lakini swali lake halikuwa hilo, na mimi nilijua halikuwa hilo.

Siku ya kufungua siri ilipofika, tuliketi katika chumba cha mtakwimu wetu, feni ikizunguka, mimi nimevaa shati jipya. Akafungua mchoro kwenye kompyuta. Mstari wa waliopata dawa ulipanda kidogo kidogo. Mstari wa waliopata kidonge kitupu ulipanda kidogo kidogo. Mistari hiyo miwili ilikuwa imelaliana kama nyuzi mbili za kamba moja.

Nikamwambia, "Kaka, labda umechanganya makundi."

Akakagua. Akakagua tena bila kunilaumu. "Sijachanganya," akasema. "Na kuna jambo jingine. Waliopata dawa yenyewe walipata kizunguzungu zaidi. Walianguka zaidi."

Mmoja wa walioanguka ni mwalimu wetu mstaafu. Aliteleza bafuni, akavunjika mkono, mkono ule ule mzima aliokuwa akiutegemea kula na kujifunga vifungo. Tulipomtibu wakati ule, tulisema ni bahati mbaya tu. Kamati inayosimamia usalama wa washiriki wa utafiti iliarifiwa, kila kitu kilifuatwa ipasavyo, na bado naona aibu, kwa sababu kufuata taratibu hakukumfunga mwalimu vifungo vyake.

Nilirudi mezani kwangu nikaandika taarifa. Niliandika kwamba matokeo yanatia moyo. Niliandika kwamba baadhi ya washiriki walionyesha mabadiliko ya kuridhisha. Hakuna neno hata moja lililokuwa la uongo, na taarifa nzima ilikuwa uongo. Nikampelekea Profesa. Alisoma hadi chini, akanirudishia karatasi bila kuweka alama yoyote juu yake, akasema lile neno lake.

Nikarudia. Safari hii ilikuwa sentensi moja.

Nikaanza kuwatembelea. Kwa mwalimu, mkewe alinikaribisha sebuleni, akaniweka kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Nikamweleza kwamba mumewe alipata dawa yenyewe, kwamba haikumsaidia kuliko wale wasioipata, na kwamba huenda ndiyo iliyomtia kizunguzungu. Mwalimu naye alikuwa amekaa kando, anasikia kila neno. Kisha mama yule akauliza, "Kwa hiyo alivunjika bure?"

Waheshimiwa, ninajua jibu ambalo vitabu vinalitoa. Vitabu vinasema si bure, kwa kuwa sasa maelfu ya watu hawatapewa dawa isiyowafaa. Ni kweli. Lakini ungekuwa wewe, ungelitamka mbele ya mkono uliopinda? Mimi sikuweza. Nilisema, "Mama, naona aibu." Akasema, "Hata mimi ningeona." Hakunifukuza. Hakunisamehe pia, na sikumwomba. Nilipomwuliza kama naweza kulisimulia jambo hili leo, ni mwalimu mwenyewe aliyejibu. Alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akasema, "Sema... yote."

Nimesema yote, mwalimu.

Shangazi nilimwacha wa mwisho, kwa sababu yeye nilimwogopa zaidi. Nilimkuta anakunja nguo kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Shangazi, kile kidonge chako kilikuwa kitupu. Hakikuwa na dawa hata chembe." Akaacha kukunja. Nilitegemea atalia, au atanitupia kitu, maana ana shabaha. Uso wake ulibadilika mara nyingi nisiweze kuusoma, mimi bingwa wa kesho wa kusoma nyuso. Halafu akaanza kutafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena, nikanyamaza.

"Kumbe," akasema. "Kumbe... ni mimi... nilisema?"

"Ni wewe, shangazi."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akaiokota nguo aliyokuwa akikunja akanipiga nayo kichwani. Kisha akapiga mara ya pili, kwa nguvu zaidi, na hiyo ya pili naamini ilikuwa ya redio.

Sasa msije mkanipa heshima nyingine isiyonistahili. Sisemi kwamba mduara wenu wa kila juma ndio uliorudisha maneno. Huenda ni mduara. Huenda ni muda tu, ubongo ukijishona wenyewe polepole. Utafiti wetu haukupangwa kujibu hilo, na mimi nimeshaonja gharama ya kujibu nisichokijua. Ninachoweza kusema ni kwamba mtaalamu wetu wa usemi na Mkurugenzi wamekubali mduara uendelee, ingawa vidonge vimesimamishwa, na kwamba yule kijana aliyembeba mama yake amealikwa. Matokeo tumeyatuma yachapishwe kama yalivyo, pamoja na maanguko yote. Redio nimeipigia mara kadhaa. Mara ya kwanza wakaniambia habari ya dawa kushindwa si habari. Nimeendelea kupiga, na juma lijalo wamenipa dakika chache baada ya taarifa ya hali ya hewa. Nitazichukua.

Nakushukuru, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuvumilia hotuba ambayo si ile uliyoahidiwa. Nakushukuru, Profesa, kwa kunisahihisha nikiwa bado mchanga, bado nasahihishika. Nawashukuru wenzangu waliopima kwa haki walipojua mimi nimekwisha kupotoka kwa matumaini. Na ninyi mlioleta miili yenu na maneno yenu machache yaliyobaki mkayaweka mikononi mwetu, shukrani peke yake ni ndogo, kwa hiyo naongeza ahadi moja.

Viburudisho vitakapoanza, sitakwenda meza kuu. Nitakaa kwenye kile kiti kando ya mlango wa mashariki, na kiti cha pili kitakuwa kitupu. Mwenye swali aje. Mwenye lawama aje. Ambaye neno lake litachukua muda mrefu kutoka, asione haya, na asiharakishe kwa ajili yangu. Sitamalizia sentensi ya mtu, wala sitatazama saa.

Mmenisikiliza kwa subira nisiyoistahili, nami nawashukuru sana. Sasa ninyamaze mimi, nishuke, nije niwasikilize ninyi.