Mkono wa Cyril

Ndani ya basi la mji wa Barnsley, Uingereza, Doreen alipakata kapu lake la vitunguu akatega sikio. Wazee wawili wa kiti cha mbele walikuwa wanazozana juu ya mchezo wa jana klabuni wa snuka, ule wa kusukuma mipira mezani kwa fimbo.

"Cyril, ule mpira mweusi umegonga kingo tatu za meza ndipo ukaingia tunduni. Hiyo ni 'fluke', bahati tupu! Na mwenye bahati huinua mkono kumtaka radhi mwenzake. Mbona hukuinua?"

"'Fluke' ni ya asiyelenga, Wilf. Mimi nililenga."

"Ulilenga nini? Ulikuwa umefumba macho!"

"Nilikuwa namwomba Mungu."

Doreen akauma midomo asicheke.

"Kikombe cha ushindi ni chako, hakuna anayekunyang'anya. Inua mkono tu, yaishe."

"Nikiinua, nabaki na kikombe, lakini mpira unakuwa wa bahati, si wangu tena." Sauti ya Cyril ilishuka. "Umenifunga tangu ujana wetu, bwana wewe. Mpira mmoja tu, niachie."

"Mkono kwanza."

Basi likasimama kituoni kwa Cyril. Mjini kwao hata mlevi hashuki bila kumpungia dereva mkono wa asante. Wilf akamkodolea macho. Cyril akaitumbukiza mikono yote miwili mifukoni, akamwinamia dereva kama askofu, akashuka.