Mtegemezi wa Uchochoro Mzima

Mheshimiwa Meneja wa Ofisi ya Kodi, uliyekubali kuacha kiti chako chenye magurudumu ukaja kukalia benchi letu lisilo hata na egemeo. Ndugu Mkaguzi, ambaye uchochoro huu ulikuogopa kabla ya kukupenda. Bibi Haloo, bibi yetu sote, na hilo neno "sote" nitalifafanua baadaye kwa kuwa ndilo lililotufikisha hapa. Ndugu mafundi, wasusi, wenye maduka na wapangaji. Na nyinyi watoto mlio juu ya ukuta, ambao naomba mshuke, au basi mnyamaze hukohuko juu:

Kwa heshima na taadhima, nasimama mbele yenu nikiwa mtu mwenye jambo mdomoni. Kabla sijapanda jukwaa hili, ambalo jana lilikuwa mlango wa ghala, Mheshimiwa Meneja aliniinamia akaninong'oneza neno kuhusu ritani zetu. Nyote mlituona. Nyote mmekuwa mkinikonyeza tangu hapo, na Fundi Cherehani amekuwa akinivuta koti, koti ambalo alilishona yeye mwenyewe na anajua jinsi mshono ulivyo dhaifu. Neno hilo nitalitoa, tena nitalitoa mahali pake. Nimeandika barua za maombi utu uzima wangu wote, na katika barua ya maombi jibu halitangulii salamu.

Ndugu wageni waalikwa, leo tunafungua dawati la kuwasaidia wananchi kujaza ritani za kodi ya mapato, katika chumba hiki kilichokuwa cha kutolea fotokopi. Mgeni anaweza kuuliza: kwa nini dawati limeletwa katika uchochoro wetu, ilhali iko mitaa mipana yenye lami na taa? Jibu ni fupi, wala halitutii aibu tena. Ni kwa sababu ya Bibi Haloo.

Kwa faida ya wageni, Bibi Haloo alikuwa mpokea simu wa posta, enzi zile ambazo mtu hakuweza kuzungumza na mwenzake wa mbali mpaka sauti ya kike iseme, "Haloo, subiri nikuunganishe." Alipostaafu alipanga chumba pale mwanzo wa uchochoro, akaweka kigoda mlangoni, na tangu siku hiyo hajaacha kuunganisha. Ukimtaka fundi bomba, yeye ndiye anayejua ameingia nyumba gani. Ukinuniana na mkeo, yeye ndiye anayepeleka maneno kutoka sebuleni hadi jikoni, tena huyapunguza makali njiani. Watoto wakitoka shule, ufunguo uko kwake. Hana mume, hana mtoto, na hatujapata kumsikia akisema kwamba hana kitu. Kwa hiyo sisi, watu wenye akili timamu, tukakata shauri kwamba hana kitu.

Asubuhi hunywa chai kwa Fundi Cherehani. Mchana hula kwa Msusi, na kichwa husukwa bure. Fundi Redio humtengenezea redio. Mimi humsomea gazeti. Jioni huingia mlango wowote unaonukia. Na kila mmoja wetu aliamini moyoni mwake kwamba pasipo yeye binafsi, bibi yule angeanguka. Hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa maana tenda wema nenda zako.

Basi ukafika msimu wa ritani. Meza yangu ya kuwajazia watu fomu wakati huo ilikuwa nje, chini ya mwavuli. Akaja Fundi Cherehani, akaketi, tukafika sehemu ya wategemezi, ambapo mlipakodi hupewa nafuu kwa ajili ya mzee anayemtunza.

"Nani anakutegemea, fundi?"

"Mke wangu, ila usimwambie nimesema."

"Mzee, fundi. Mtu mzee."

"Ahaa! Andika Bibi Haloo. Chai yangu ndiyo inayomsimamisha."

Nikaandika. Akaja Msusi, hata kuketi hakuketi.

"Andika Bibi Haloo. Bila sahani yangu ya mchana, upepo ungemchukua yule."

Nikaandika. Akaja Fundi Redio, akaja mwenye duka, akaja dereva wa lori, ambaye hulala hapa kwa nadra kama mvua ya kiangazi, naye akasema kwa macho makavu, "Bibi ni wangu. Namletea machungwa."

Je, sikuona? Waheshimiwa, niliona. Lakini nilikuwa na mamlaka gani ya kuufuta ukweli? Kila aliyeketi mbele yangu alisema kweli, kwa kuwa nilimwona bibi kwa macho yangu akitoka mlango huu na kuingia ule, akifuta mdomo. Hakuna mstari katika ile fomu unaouliza, "Je, bibi huyu ni wa jirani yako pia?" Nami sina desturi ya kujibu nisichoulizwa. Nilipofikia ritani yangu mwenyewe, niliandika kwa mwandiko wangu wa sikukuu: Bibi Haloo.

Tukaziwasilisha zote kwa pamoja, kabla ya tarehe ya mwisho, tukiimba. Ni nani aliyewahi kuona watu wakienda ofisi ya kodi wakiimba? Mlinzi alidhani ni mgomo, akafunga geti.

Kilichotokea huko ndani, Ndugu Mkaguzi ameniruhusu nikiseme. Kompyuta iliona bibi mmoja, mwenye namba moja ya kitambulisho, anatunzwa na uchochoro mzima, ikagoma. Ikadhaniwa ni genge. Ikadhaniwa kuna mtu ametunga bibi. Na fomu zote zilikuwa na mwandiko wa mkono mmoja, nadhifu, nukta na mkato kila kimoja mahali pake. Mkono huo ndio huu ninaowapungia.

Ndugu Mkaguzi akafika na mkoba wake mweusi.

"Nani ameandika hizi?"

"Ni mimi, Ndugu Mkaguzi, na naomba radhi kwa wino wa ukurasa wa pili. Kalamu ilikuwa inakata roho."

"Na huyu bibi yupo kweli?"

"Yupo. Ila kwa saa hii sijui yupo kwa nani."

Leo mnacheka. Siku ile hatukucheka. Tamko la uongo lina faini, na faini yenyewe ilikuwa ya kuondoa cherehani barazani kwa fundi na kuvuta viti chini ya wateja wa Msusi. Nami ningepigwa marufuku kumjazia mtu yeyote fomu yoyote. Mtu aliyejifundisha kuandika kwa kusoma vibao vya ofisi na barua za wenzake, akinyang'anywa kalamu hubaki na nini? Hubaki na mwavuli.

Ndugu Mkaguzi akatukusanya papa hapa, akauliza ni nani hasa anayemtunza bibi. Alitarajia tukanushe. Hakutujua.

"Mimi!" akasema Fundi Cherehani. "Uliza nani anampa chai!"

"Chai tupu unaiita kutunza?" akasema Msusi. "Wewe humtunzi, unamlowesha!"

"Na redio je?" akadakia Fundi Redio.

"Redio inaliwa?"

"Machungwa yanaliwa," akasema dereva.

"Wewe nyamaza, mgeni wa mwezi mwandamo!" akafoka Msusi.

Waheshimiwa, mmewahi kuona watu wakipigania kosa, kila mmoja akitaka liwe lake peke yake? Ndugu Mkaguzi alisimama katikati na mkoba kifuani kama mtu aliyeingilia ugomvi wa mirathi kabla marehemu hajafa. Ndipo sauti ikatoka mlangoni, ile ile ya posta:

"Haloo! Haloo! Laini zimeingiliana. Azungumze mmoja. Mkaguzi, mwanangu, nakuunganisha, sema."

Hata mtoto wa mwenye duka aliacha kulia.

"Bibi," akasema Mkaguzi, "wewe ni mtegemezi wa nani?"

"Mtegemezi? Mimi? Mimi nina pensheni yangu ya posta, na ritani yangu naijaza mwenyewe kila mwaka. Hawa ndio wangu."

"Wako kivipi, bibi?"

"Huyu wa cherehani, tangu mama yake aondoke, hawezi kunywa chai peke yake. Nisipokwenda, anashinda na njaa. Huyu wa nywele asipopata wa kumsimulia atapasuka, na mimi ndiye pipa lake. Fundi Redio, redio yangu naichomoa waya mwenyewe siku nikiona hana mteja. Machungwa ya huyu dereva ni machachu kama siki, nayala, kwa kuwa ameyabeba njia nzima akifikiria mtu wa kumpa."

"Na huyu mwandishi?"

"Huyo ananisomea gazeti. Macho yangu ni mazima kuliko yake. Lakini akijisomea peke yake, nani atamwambia kwamba anasoma vizuri?"

Nakiri, ndugu zangu, hapo niliinama nikajidai natafuta kifuniko cha kalamu.

"Sasa mwanangu," bibi akaendelea, "katika fomu yako ipo nafasi ya kuwaandika hawa wote? Maana mimi mwaka huu niliacha wazi. Sikutaka kuwaaibisha."

Ndugu Mkaguzi alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa, akaivua tena. Kisha akacheka kicheko ambacho sikujua kwamba ofisi ya kodi inacho. Alipopata pumzi akatueleza sheria, pole pole, jinsi ambavyo hakuna mtu aliyewahi kutueleza: mwenye pensheni yake haandikwi kuwa mtegemezi wa mtu, na hata asingekuwa nayo, angeandikwa na mmoja tu. Tukapewa ritani zetu tuzisahihishe hapo hapo benchini. Nikakata jina la bibi katika kila fomu, kwa mstari ulionyooka. Zamu ya Fundi Cherehani ilipofika, akanishika mkono, akamgeukia bibi.

"Bibi, tukikufuta hapa, kesho utakuja?"

"Chai haimo kwenye ritani, mwanangu. Wewe teleka maji."

Ndivyo ritani zetu zilivyorudi ofisini mara ya pili, na ndivyo Mheshimiwa Meneja alivyoamua kwamba uchochoro wenye watu wakweli kiasi hiki, na wasiojua kiasi hiki, unastahili dawati lake wenyewe. Lakini kuhusu faini, tumekaa tukingoja hadi leo, na kila aliyepita na mkoba mweusi alitukausha mate.

Sasa basi. Fundi, liachie koti. Mahali pake pamefika.

Neno alilonong'oneza Mheshimiwa Meneja ni hili: hakuna faini. Ritani zote zimepokelewa! Hakuna hata moja iliyokataliwa! Msusi, shuka mezani, meza ni ya serikali! Na kalamu hii, waheshimiwa, inabaki mkononi mwangu, na kuanzia kesho inahamia ndani ya chumba chenye paa.

Kiti cha mapokezi kina mwenyewe. Ni kigoda. Mwananchi atakayeingia na makaratasi yake yaliyokunjamana, na hofu yake, atasikia kwanza "haloo", na ataunganishwa.

Natoa shukrani kwa Mheshimiwa Meneja, kwa Ndugu Mkaguzi, na kwa bibi yetu sote, na neno hilo "sote" sasa nimelifafanua ipasavyo. Limebaki jambo moja dogo. Bibi amenituma nimuulize mgeni rasmi, kwa kuwa tangu afike amemwona akiitazama saa na kumeza mate: je, Mheshimiwa, una mtu wa kunywa naye chai?

Naona hajibu. Basi, Mheshimiwa, umeshaandikwa. Fundi Cherehani, ongeza kikombe.

Kwa masikio yenu na kwa subira yenu, nasema asanteni sana.