Baluni ya Afande Lamunu

Tarehe thelathini mwezi hii Afande Lamunu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mbili ndani ya jikoni ya polisi. Na kabla mutu yeyote ashike maiki kwa sherehe, mimi nasema hadithi ya baluni yake munaiharibu wote. Kansiime wa hapa kambini anasema ilipasuka puu kama tairi. Uongo, na yeye hajavuka hata Rukoki, hapo karibu tu. Mimi Maate, dereva, nilikuwa pale. Sikusoma, Clare wa ofisi ndiye anaandika, lakini kutoka Kasenyi mpaka Bwera hakuna dereva kama mimi.

Afande alifika Kasese mwembamba kama mwiko. Sasa, jikoni ya kambi iko na sheria yake: mupishi anakula kwanza, mbele ya laini ya askari, sahani kamili. Asipomaliza, hakuna mutu anapeleka sahani. Miaka hiyo yote amekula mbele yetu ili tukule bila woga ya sumu. Kwa hiyo mwenye anacheka kiuno yake vile ilinenepa anacheka posho yake mwenyewe.

Magoti ikakataa, sukari ikapanda. Dakitari wa Kampala akamuingizia baluni kwa mudomo mpaka tumboni, bila kisu, akaijaza maji ya bluu, ili ashibe haraka. Akamuonya: miezi sita tunaitoa. Ukikojoa bluu, ujue imetoboka, kuja mbio, kwa sababu inaweza kushuka izibe utumbo, na hiyo inaua.

Akarudi, vijiko mbili ameshiba. Laini yote ikasimama. Askari mumoja, Opio, akarudisha sahani, akauliza mupishi ameona nini ndani ya hii maharage. Afande akajaribu kumaliza sahani kama zamani, akatapika nyuma ya jiko. Ndipo mimi nikajitolea kula kwa nafasi yake. Tumbo yangu munaiona, iko ushahidi.

Mwezi ya sita ikafika, tukatumwa Bwera kupikia askari ya mupaka. Afande akasema Kampala itangoja, hawa watu watakula nini. Wiki ikapita, ingine ikapita. Mimi nikawa naangalia uso yake kila asubuhi.

Siku moja akatoka choo pole pole, akashika mulango ya gari.

"Maate, imekuwa bluu."

Nikamwambia apande. Akakataa. Maharage iko kwa moto, na mwenye anaonja ni dereva, na dereva anaenda.

"Ingia, Afande. Wakule ama walale njaa, mimi sirudishi maiti kambini."

Akaingia. Nikamupeleka mpaka Kampala, yeye ameshika tumbo, kila shimo ya barabara anafunga macho. Lakini mimi nilikuwa namupigia stori ya mbuzi ya Ibanda, vichekesho juu ya vichekesho, mpaka akasahau woga. Madakitari wakaitoa baluni kwa mudomo ile ile, imelegea kama soksi ya mulevi. Ilikuwa bado tumboni. Haikushuka.

Leo Afande anatembea bila fimbo. Asante kwa kila sahani ulikula mbele yetu. Enda nyumbani na amani, ukule kidogo, ulale sana, na mutu mwingine akupikie.

Clare anasema mwisho nisidanganye mbele ya Afande mwenyewe. Haya. Ile stori ya mbuzi nilitunga juzi. Barabara yote sikuweza kutoa neno kwa woga. Yeye, mwenye baluni imetoboka, ndiye alikuwa ananiambia: "Maate, pumua."