Tano Kila Siku

Foleni ya basi la kwenda mtaa wa Satellite haikusonga. Mbithe alihamisha bahasha ya ofisini kutoka kwapa hili hadi lile, na kwa kukosa la kufanya akatega sikio. Mbele yake mama mmoja alikuwa akipanga maembe ya gemu kwenye simu, kidole mbio mbio.

"Ni utafiti," mama akamwambia kijana aliyekuwa akimchungulia. "Wanataka kujua kama gemu inapunguza mawazo. Ukimaliza, simu inakuuliza uko aje, moja mpaka tano, tano ndiyo mzima kabisa. Mimi huweka tano."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata ile wiki nilimzika mzee wangu."

"Ai, mathe! Si watasema gemu ndiyo imekuponya?"

"Wewe ukiulizwa habari na mtu hata humjui, utaanza kumlilia hapo stejini?"

"Lakini hiyo si salamu, ni swali!"

"Kwani salamu ni nini?"

Basi likafika, foleni ikavunjika.

Mlangoni kondakta akamshika Mbithe mkono apande. "Sasa, auntie? Uko poa?"

"Poa sana," akajibu Mbithe, na barua ya kuachishwa kazi kwapani.